Nyekundu kwa Moyo wa Njano

Haikuwa zamani, wala si mbali, na kwa kuwa wahusika wengi bado wako kazini, jina la nchi nitaliacha kabatini.

Nchi hiyo iliipenda misitu kuliko nchi zote. Mti ulikuwa kwenye bendera, kwenye noti, kwenye muhuri wa serikali na kwenye fulana za Siku ya Kupanda Miti. Raia aliyetaka kuona mti hakuwa na haja ya kusafiri. Wageni wachache walilalamika kwamba wamepita siku mbili barabarani bila kuona mti mwingine wowote, lakini wageni hawaelewi mambo ya ndani.

Siku moja Waziri wa Misitu, Mheshimiwa Kibindu, alikuwa akifunga warsha ya wiki nzima katika hoteli yenye jina la mti. Baada ya nyama kuliwa, alichukua kijiti cha kuchokolea meno, nacho kikamvunjikia kati ya jino la tatu na la nne. Akataka aletewe pakiti. Akavaa miwani.

"Hiki kimetoka nje ya nchi?"

"Kimetoka nje, Mheshimiwa," akajibu Katibu Mkuu.

"Tuna wanafunzi wangapi wa uzamivu katika elimu ya misitu?"

"Kumi na mmoja, Mheshimiwa."

"Kumi na mmoja! Madaktari watarajiwa kumi na mmoja, na mimi nachokolewa meno na wageni!"

Warsha ikasimama, ikapiga makofi. Asubuhi yake likatoka Agizo.

Agizo hilo nimelisoma mara tatu, na ni haki kusema liliandikwa kwa lugha nzuri. Lilisema kwamba hakuna mwanafunzi wa uzamivu atakayetetea tasnifu yake kabla ya kukaa kiwandani wiki ishirini na sita, ili elimu ikutane na jasho. Kila wiki angejaza ukurasa mmoja wa Kitabu cha Mafunzo, na kila ukurasa ungepigwa nyundo ya misitu, yaani ile nyundo ya chuma yenye herufi za serikali inayogongwa kwenye magogo kuonyesha kwamba yamekatwa kihalali. Muhuri wa wino ulikataliwa, kwa sababu wino ni wa ofisini. Wiki ya tisa mwanafunzi angeandika ripoti yenye kichwa "Faida ya Elimu Yangu kwa Kiwanda". Na kwa wiki zote hizo, lilisema Agizo katika kifungu cha mwisho chenye herufi ndogo, mwanafunzi asihesabiwe kuwa mtafiti, asije akachanganyikiwa.

*

Wanafunzi kumi kati ya wale kumi na mmoja walikuwa wakiandika kuhusu sera za misitu, kazi inayoweza kufanyika hata pasipo msitu. Wa kumi na moja, mwanamke wa miaka thelathini na minne aitwaye Naelijwa Mkwizu, alikuwa na miti ya kweli.

Ilikuwa mivule mia moja na sitini, juu ya kijito cha Msagara. Mwalimu wa mwalimu wake aliipanda karibu miaka arobaini kabla, na tangu hapo kila mwezi wa tisa mtu alipanda kilima kile na utepe wa kupimia, akapima unene wa kila mti, akaandika. Mwalimu alipokufa mwanafunzi wake alipanda. Mwanafunzi huyo, aliyemfundisha Naelijwa, alipoanza kuumwa magoti, alipanda Naelijwa. Walikuwa wakitafuta jibu la swali moja: mvule unahitaji miaka mingapi kukomaa, ili nchi ijue ikate mingapi na iache mingapi? Jibu halikuwahi kupatikana kwa kuwa miti mingine yote ilikatwa kabla ya kujibu. Kilibaki kipimo kimoja tu, cha mwaka wa arobaini, mwezi wa tisa uliokuwa ukija.

Mti hupimwa kwenye kimo cha kifua. Katika nchi nyingine kimo hicho ni mita moja na sentimita thelathini, basi. Katika nchi hii kulizuka swali la kifua cha nani, na ikaamuliwa kuwa ni cha Waziri aliyeko madarakani. Alipokuja Waziri mfupi, miti yote ya taifa ilinenepa kwa mwaka mmoja, maana ilipimwa karibu na ardhi, na taifa likapata tuzo. Alipofuata Waziri mrefu, ikakonda, na maafisa wanne wakasimamishwa kazi kwa kuikondesha. Juu ya kijito cha Msagara tu ndiko kipimo hakikupanda wala kushuka, kwa sababu yule mwalimu wa kwanza, ambaye alikuwa mkaidi, alizungusha mstari wa rangi kwenye kila mti, na kila aliyemfuata alipima juu ya mstari ule ule. Mistari ile ndiyo iliyokuwa utafiti. Bila mistari, ilikuwa miti tu.

Kisheria, mti wa utafiti hupakwa rangi ya njano, na mti wa kukatwa hupakwa nyekundu. Mwaka uliotangulia, mistari ilipoanza kufifia, Naelijwa aliomba Bohari Kuu madebe mawili ya rangi ya njano. Bohari Kuu ilikuwa na nyekundu peke yake, iliyobaki kwenye sherehe za kutimiza miaka kadhaa ya jambo fulani. Akajibiwa kwa barua yenye kumbukumbu namba: "Njano haipo. Tumia nyekundu kwa moyo wa njano."

Akaitumia. Barua akaihifadhi.

*

Alipelekwa Shirika la Taifa la Vijiti vya Meno, ambalo ndilo lililokuwa sekta yote ya viwanda vya misitu nchini, baada ya vingine kubinafsishwa kwa mtu ambaye hakuonekana tena.

Mtu wa kwanza aliyemkuta getini alikuwa mnoaji wa misumeno, Mzee Ng'wandu, aliyeteuliwa kuwa msimamizi wake kwa sababu ndiye aliyejua nyundo ilipo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye daktari?"

"Bado, mzee."

"Basi mgongo wangu utasubiri."

Alimtembeza. Mashine ilikuwa imesimama. Kwa miaka miwili kiwanda hakikupata gogo hata moja; kilikuwa kikila madawati ya shule mbili za msingi, ambazo watoto wake walikubali kukaa chini kwa uzalendo, na madawati yalipokwisha kilikula kibao chake chenyewe cha pale getini. Mzee Ng'wandu alimwonyesha msumeno aliokuwa akiunoa kila siku kwa miaka hiyo miwili. Ulikuwa umebaki kama utepe, na meno madogo kama ya panya.

"Unaunoa wa nini, mzee, kama haukati?"

"Nikiacha kuunoa wataniuliza kwa nini haukati."

Mkurugenzi, Bwana Shedafa, alimpokea ofisini akiwa amevaa tai ya mapokezi. Alikuwa na tai tatu: ya mapokezi, ya vikao na ya misiba.

"Karibu, Daktari Mtarajiwa! Taifa linakutazama. Sisi hapa ni familia. Unajua kuchemsha chai?"

Kwa wiki nane Naelijwa alichemsha chai. Pia alihesabu vijiti vya zamani ndani ya pakiti, akavihesabu tena, akaandika idadi kwenye Kitabu cha Mafunzo. Kila Ijumaa Mzee Ng'wandu alikiweka kitabu juu ya kisiki cha kazi, akainua nyundo kwa mikono miwili, akaupiga ukurasa. Vumbi liliruka. Kitabu kilikuwa kikitoboka, lakini kihalali.

*

Ikafika wiki ya tisa na ripoti yake.

"Andika kuhusu chai," alisema Mzee Ng'wandu. "Chai imeboreka sana tangu uje. Hata mimi nitashuhudia."

"Nataka kuandika kuhusu miti yangu, mzee. Kule wizarani hakuna anayejua kama ipo. Wakijua ipo, na inakaribia kutoa jibu, wataitunza."

Mzee aliacha tupa yake ya kunolea hewani. "Nani kakwambia?"

"Si ndiyo kazi yao?"

Mzee akarudi kwenye msumeno. "Andika chai, binti yangu."

Hakuandika chai. Aliandika kurasa kumi na nne, na hakuna mtu katika nchi ile aliyewahi kuandika ripoti safi namna ile. Kila mti ulikuwa na namba yake, unene wake wa kila mwaka, mstari wake mwekundu, na mahali pake hasa: mti namba 1, hatua kumi na mbili mashariki ya jiwe lililopasuka, mti namba 2, hatua saba kutoka wa kwanza, kuelekea kijitoni. Akachora na ramani, ili hata asiyepajua apajue. Mwisho akaandika, kwa heshima zote, kwamba miti hii isiguswe.

Bwana Shedafa aliisoma akiwa amesimama. Alipofika ukurasa wa tatu alikaa. Alipofika ukurasa wa saba alibadili tai, akavaa ya vikao.

"Mia moja na sitini?"

"Ndiyo, Mkurugenzi."

"Minene hivi? Na imesimama?"

"Imesimama, Mkurugenzi. Bado mwaka wa arobaini tu, mwezi wa tisa."

"Halafu mmeshaipaka nyekundu!" Bwana Shedafa alikuwa karibu kulia. "Jamani, elimu! Mimi nalaumu chuo bure, kumbe chuo kimeshatuwekea alama za kukatia!"

Naelijwa alitoa barua ya Bohari Kuu mkobani, mahali alipokuwa ameihifadhi. Mkurugenzi aliisoma kwa makini.

"Nyekundu kwa moyo wa njano. Naam. Barua nzuri. Lakini wakataji hawakupewa nakala."

"Basi wapewe, Mkurugenzi."

"Binti, wakataji wanaona rangi. Moyo hawauoni."

"Mvule ni mti wa milango ya misikiti na makanisa, ni mti wa vitanda vya kurithi! Kuukata kwa ajili ya vijiti vya meno ni kama kuchinja ng'ombe upate mkanda wa saa!"

"Saa ya nani?" aliuliza Bwana Shedafa kwa upole. "Maana saa ya Mheshimiwa ina mkanda wa ngozi."

*

Naelijwa alipanda basi hadi wizarani. Afisa aliyemsikiliza alikuwa kijana mwenye adabu, aliyempa kiti na maji ya kunywa, na ninamtaja kwa wema kwa kuwa alimweleza mambo vizuri.

"Dada, eneo lile ni la utafiti, hilo halina ubishi. Limo kwenye daftari. Nani mtafiti wake?"

"Ni mimi."

"Kwa sasa uko mafunzoni. Kifungu cha mwisho. Wewe si mtafiti mpaka wiki ishirini na sita ziishe. Eneo la utafiti lisilo na mtafiti ni eneo lililotelekezwa, na lililotelekezwa lazima litumike."

"Basi naacha mafunzo. Leo hii. Narudi kuwa mtafiti."

"Ukiacha mafunzo unafutwa chuoni, dada. Hapo utakuwa si mtafiti moja kwa moja."

"Kwa hiyo nifanye nini?"

Afisa alifikiri kwa dhati kabisa. "Maliza mafunzo haraka," akasema.

"Ni wiki ishirini na sita. Yanamalizwaje haraka?"

"Hilo sasa ni swali la kitafiti," akasema yule kijana, "na wewe kwa sasa..." Akaona aibu, akamwongezea maji.

*

Wakataji walipangiwa Jumatatu. Alhamisi Naelijwa alimwambia Mzee Ng'wandu.

"Ni rangi tu inayowaita, mzee. Wakifika wasione rangi, hawakati."

"Kwangua, basi."

"Nikikwangua, mstari unakwenda na rangi, na nikiweka alama nyingine wataikatia hiyo hiyo. Hakutakuwa na mtu duniani atakayejua miaka ile yote walipima wapi. Sentimita mbili juu, sentimita mbili chini, hesabu yote imeharibika. Miti itapona, lakini kazi itakufa. Ya mwalimu, na ya mwalimu wake, na yangu."

"Na usipokwangua?"

Naelijwa alihesabu siku kwa vidole: Ijumaa, Jumamosi, Jumapili.

Mzee alifunga tupa yake kwenye kitambaa. "Nina siku za likizo tangu enzi za Waziri mfupi. Nitafutie brashi ya waya."

Walikwangua Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Mvule ukikwanguliwa hutoa utomvu mweupe kama maziwa, nao ukiganda hauondoki kwa sabuni. Siku ya pili vidole vya Naelijwa vilikuwa vimegandamana, akawa anashika brashi kwa viganja. Kila mti, kabla ya kuukwangua, aliuwekea mkono juu ya mstari, hapo hapo kifuani, kisha akaanza. Alipofika mti namba 118 alikaa chini.

"Huu nini tena?" aliuliza Mzee.

"Huu ndio wa kwanza nilioupima mwenyewe. Mwalimu alinishika mkono, akaniambia, usivute sana utepe, mti si mgonjwa." Alijifuta pua kwa kiwiko. "Mwaka jana ulifika sentimita hamsini na nne na milimita mbili."

"Inuka, mwanangu. Nitaukwangua mimi."

"Hapana," alisema. Akaukwangua yeye.

Kwenye Kitabu cha Mafunzo, ukurasa wa wiki ile, aliandika neno moja: "Kukwangua." Mzee Ng'wandu akaupiga nyundo. Hakuna wiki nyingine ambayo elimu na jasho vilikutana hivyo, na Agizo, kwa haki, lilitimizwa.

*

Jumatatu wakataji wakafika. Nyapara wao, Chilongani, alikuwa mtu wa sheria. Alizunguka kilima chote, akapapasa magome, akarudi garini.

"Hakuna rangi. Mti usio na rangi sikati, niliapa." Akageuza gari.

Naelijwa, aliyekuwa amejificha ng'ambo ya kijito, alilala kifudifudi kwenye majani na kucheka hadi akapaliwa. Kwa saa ishirini na nne alikuwa mtu asiye na utafiti, mwenye miti mia moja na sitini, na nadhani alikuwa na furaha.

Jumanne Bwana Shedafa alifungua tena ile ripoti ya kurasa kumi na nne.

Jumatano Chilongani alirudi, na nakala mkononi. "Kwa maandishi ya mtaalamu naruhusiwa," alisema. Hatua kumi na mbili mashariki ya jiwe lililopasuka. Hatua saba, kuelekea kijitoni. Kila mti ulipoanguka aliweka tiki pembeni, na nyundo ya serikali ikagongwa kwenye kisiki. Naelijwa alisimama mbele ya mti, wakakata mwingine. Akakimbilia mwingine, wakakata ule aliouacha. Hawakumgusa wala kumtukana. Walikuwa wengi kuliko yeye, na miti haikuweza kusogea karibu naye.

Jioni ya siku ya nne Chilongani alimletea maji. Alivua kofia.

"Dada, nataka nikwambie kitu cha kweli. Miaka kumi na tisa niko kazini, sijawahi kupewa maelekezo yasiyonipoteza hata mara moja. Unaandika vizuri sana."

*

Mashine ikawashwa. Mzee Ng'wandu aliulizwa kwa nini msumeno haukati, akajibu kwamba aliunoa mno, akastaafishwa kwa cheti.

Mheshimiwa Kibindu alikuja kuzindua. Bwana Shedafa, akiwa amevaa tai ya mapokezi, alimwonyesha jambo ambalo halikuwahi kuonekana popote: kila pakiti ya vijiti ilikuwa imechapwa namba ya mti uliotoa vijiti hivyo, kuanzia 1 hadi 160.

"Hii imetoka wapi?" aliuliza Waziri.

"Ni faida ya elimu, Mheshimiwa. Ni mwanafunzi wetu."

"Ndugu zangu!" Waziri aliinua pakiti juu. "Walisema elimu na kiwanda haviwezi kukaa pamoja. Leo vimekaa meza moja. Leo taifa linajichokolea meno! Na mahali palipokatwa mti mmoja, nawaahidi, tutachapa miti miwili kwenye fulana!"

Watu walipiga makofi. Naelijwa alikuwa nyuma, karibu na birika.

Wiki ya ishirini na sita kitabu chake kilipigwa nyundo ya mwisho na msimamizi mpya, akarudi kuwa mtafiti. Ilikuwa mwezi wa tisa. Alipanda kilima na utepe kwa sababu ndiyo ilikuwa tarehe. Visiki vilimfika magotini. Alikaa huko mpaka mchana, kisha akashuka.

*

Utetezi wa tasnifu ulifanyika ukumbini, mbele ya wajumbe watano. Mwenyekiti aliusifu sana utafiti, hasa sehemu ya kiwandani, akasema chuo kingependa kumpa shahada siku hiyo hiyo. Palikuwa na kasoro moja ndogo tu.

"Jedwali lako la mwisho, Bi Mkwizu. Miaka thelathini na tisa imejaa. Mwaka wa arobaini uko wazi. Kanuni haituruhusu kupokea jedwali lenye nafasi wazi. Hebu lijaze wakati sisi tunakula."

Wakala. Ilikuwa nyama. Walipomaliza, mhudumu alipitisha vijiti, na mbele ya kila mjumbe akaweka pakiti. Iliyofika kwa Mwenyekiti ilikuwa na namba 118.

Naelijwa aliomba kijiti kimoja. Mwenyekiti akampa, akidhani naye ana nyama kwenye meno. Alikiweka juu ya karatasi, akatoa rula mkobani. Kwanza alikipima urefu, akatafuta mahali ambapo kifua kingekuwa, akaweka alama hapo kwa kalamu. Wino wa kalamu ulikuwa mwekundu. Kisha akapima unene, polepole, bila kukibana sana.

Akaandika kwenye jedwali: "Mti namba 118. Mwaka wa 40. Milimita mbili."

Halafu akanyoosha mkono kwa mjumbe wa pili, akaomba pakiti yake.